Viboko wa Altona

Kila ninapopita penye samaki wa moshi, hasa wale ngege wakubwa wanaopangwa juu ya wavu kama matofali, pua yangu hunirudisha Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia, kabla miguu haijapata habari. Nasimama tu, mfuko mkononi. Muuzaji ananiuliza kwa heshima ya huku, "Nyabo, nikufungie wangapi?" nami simsikii, kwa sababu niko kando ya ziwa, nina miaka tisa hivi, macho yananiwasha, na Nonko Ramazani anaivuta harufu ile kwa pua zote mbili kama mtu anayekunywa chai. Halafu anasema, "Njo Altona hii. Ukifunga macho, njo Altona kabisa." "Njo" yake ni "ndiyo".

Nonko ni mjomba. Ndivyo sisi watu wa Zaire tulivyomwita ndugu wa kiume wa mama, neno tuliloachiwa na Wabelgiji pamoja na mambo mengine ambayo leo sina nafasi ya kuyataja. Nonko Ramazani alikuwa kaka wa Mama, mrefu, mkavu, mwenye mguu mmoja uliokuwa na hasira na baridi. Baba yangu simjui hata kwa picha. Kwa hiyo Nonko ndiye aliyekuwa baba, mjomba, mwalimu na, wali ukiungua, mtu wa kulaumiwa.

Na Altona ni mtaa wa mji wa Hamburg, kule Ujerumani. Msicheke. Nonko alifika huko kabla ya uhuru wa kwao, akiwa mmenya viazi ndani ya meli iliyotoka bandari ya Matadi. Alimenya viazi vingi, maganda yake yangetosha kuifunika barabara ya Kaberebere mpaka Mbarara na mengine yakabaki ya mbuzi. Walipofika Hamburg akateleza kwenye ngazi ya meli, mguu ukavunjika, meli ikaondoka bila yeye. Akawekwa Altona, kwenye chumba cha mjane aliyepangisha mabaharia. Mjane huyo alikuwa mwalimu wa shule zamani, na alijua Kifaransa kidogo. Majira yote ya baridi Nonko alikaa dirishani na mguu wake mzito wa plasta, na yule mama, kwa kukosa mwanafunzi mwingine, akamfundisha mtaa mzima kwa kidole: huo mto, ile ofisi, pale palipochomwa.

Sasa niwaambie kwa nini mambo hayo ya Ujerumani yalinihusu mimi.

Nakivale kulikuwa na desturi. Watu walipokaa kungoja, na pale tulingoja kila kitu, mahindi, dawa, karani, mvua, hawakuulizana jina. Waliulizana kwao. Mtu akianza, anaeleza kilima alichozaliwa, mto uko upande gani, nani aliishi juu yake na nani chini yake, kanisa au msikiti uko wapi, na nani alijenga kwanza. Wazee waliweza kuongea hivyo mpaka foleni ya Base Camp, penye ofisi za kambi, ikapinda kona na kuanza kuelekea Tanzania. Sisi watoto tukaigeuza mchezo. Unapanda juu ya kichuguu, unasema, "Kwetu ni fulani," unaeleza historia na jiografia yake, wenzako wanakuuliza maswali. Ukikwama unasukumwa chini. Wenzangu wengi walikuwa Wanyarwanda, na hata waliozaliwa palepale kambini walikuwa wamejazwa vilima na mito na wazazi wao, wanavitaja kama wameviacha jana asubuhi.

Mimi sikuwa na kitu. Nilimwuliza Mama kwetu ni wapi, akasema, "Mbali." Nikarudi kichuguuni na "mbali" yangu, nikasukumwa nikaviringika kama chungu. Nilisukumwa mara nyingi mpaka kichuguu chenyewe kikaanza kunizoea. Ndipo nikamwendea Nonko nikilia. Alitazama kwanza nyuma yake, kisha pembeni ya nyumba, kisha juu ya ukoka, kama mtu anayeogopa kuibiwa kuku. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Usilie, Zaina. Miye nitakupa fasi yako." Mahali pangu mwenyewe!

Akachukua kijiti, akachora chini, mbele ya mlango wetu.

"Hapa kusini, muto. Elbe. Mukubwa, meli zinapita ndani. Altona iko ku juu ya ukingo, inaangalia maji. Upande wa mashariki, hapa, njo Hamburg, muji ya batajiri. Hapa katikati, mulango ya mupaka. Unavuka mulango, unaingia inchi ingine."

Nilijifunza kwa njaa ya ajabu. Kwamba Altona ilianza kama kijiji cha wavuvi. Kwamba ilipata kuwa chini ya mfalme wa Denmark, ingawa ilipakana na Hamburg kama kitanda na ukuta. Kwamba Hamburg haikutaka watu wa dini nyingine waabudu waziwazi, lakini Altona iliwaruhusu, Wayahudi, Wakatoliki, na Waprotestanti wa aina nisizoweza kuzitamka, na kulikuwa na mtaa ulioitwa Uhuru Mkubwa na mwingine Uhuru Mdogo. Kwamba jeshi la Waswidi lilikuja wakati wa baridi, likaichoma karibu yote. Kwamba baadaye Wafaransa walioishika Hamburg waliwafukuza maskini wa mji huo kwenye theluji kwa sababu hawakuwa na akiba ya chakula, na Altona ikawafungulia milango, na wengi wakafia humo. Kwamba stesheni ya kwanza ya reli iligeuzwa ofisi ya mji, nyeupe, yenye nguzo. Kwamba mwishowe Hamburg iliimeza Altona, ikawa mtaa tu. Na Jumapili alfajiri kuna soko la samaki, wauzaji wanapiga kelele kuliko kwenu.

Juu ya kichuguu nikawa malkia. Nani angenikwamisha? Hakuna aliyewahi kufika huko akaniumbua. Na pale maarifa yangu yalipoisha, nilichangia mwenyewe. Mtu aliponiuliza wanyama, nikasema mto wa Elbe una viboko wengi. Mto mkubwa bila viboko ni mto gani?

Lakini mimi mwenyewe, nawaambia ninyi tu, sikumwamini Nonko. Kwanza, mtu aliyekaa dirishani msimu mmoja anajuaje mambo ya wafalme? Pili, kwa nini kila aliponifundisha alitazama njia? Tatu, nilipomwuliza juu ya kwao halisi, alikozaliwa yeye na Mama, alishika mguu wake ghafla na kusema unauma, hata kama jua lilikuwa linachoma mawe. Nilikuwa na hakika ananificha kitu. Nikaanza kumchunguza. Nilipekua mfuko wake wa nguo. Nilimsikiliza akisali. Nilimfuata mpaka ziwani, nikagundua kwamba alikuwa ananifuata yeye kwa macho, ananichunguza mimi.

Hata majirani walitushuku. Ankole, eneo lote lililotuzunguka, siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tangu uji wa asubuhi, basi majirani walidhani tuna ndugu jeshini, wakipunguza sauti tukipita. Wanajeshi nao wakisikia Kiswahili chetu, chenye *ba* na *mu* na *fasi*, walidhani tunawadhihaki au tunaficha jambo. Tulikuwa wageni kwa pande zote mbili kwa lugha ileile moja.

Halafu ukaja ule mwaka mbaya, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, watu walipofukuzwa vijijini huko Ankole wakaanza kumiminika Nakivale na ng'ombe wao, magodoro kichwani, wengine na mlango wa nyumba waliyoiacha. Kambi ilijaa mpaka nyoka wakahama. Na wanajeshi wakaanza kupita, wakitafuta waasi na marafiki wa waasi, na kila mtu akaanza kumtazama mwenzake mikono imeshika nini.

Siku waliyokuja kwetu kulikuwa mchana mweupe, Mama anatwanga, ramani ya Altona iko chini mbele ya mlango, mpya kabisa, kwa sababu Nonko alikuwa ndiyo kwanza anirekebishe mahali pa stesheni. Walikuwa watatu. Mkubwa wao, afande mnene mwenye kitambaa cha kufutia jasho shingoni, aliisimamia ramani akaitazama kama mtu aliyeona nyoka.

"Muzee, hii nini?"

"Altona, Afande."

"Hii hapa, mto. Hii ni Rwizi, ya Mbarara."

"Hapana, Afande. Ni Elbe."

"Elbe iko district gani?"

Nonko akasema Ujerumani. Afande akafuta jasho. Akasogeza buti mpaka kwenye mlango wa mpaka. "Na hii get? Get ya nani? Nani naingia, nani natoka?" Hakungoja jibu, akanigeukia mimi. "Wewe mutoto. Nyumbani kwenu ni wapi? Sema kweli."

Nilikuwa nimeshinda mchezo huo mara ngapi! Nikasimama wima, mikono ubavuni. "Kwetu ni Altona," nikasema kwa sauti ya kichuguu, "ilichomwa na Waswidi, na wakimbizi wakafunguliwa milango."

Mtwangio wa Mama ulisimama hewani.

"Nani nafundisha wewe?"

"Nonko."

Wakaondoka naye. Alitembea mbele yao akichechemea, hakugeuka hata mara moja, na mimi nikaona kutogeuka huko ni ushahidi kamili kwamba ana hatia. Watoto tuna ukatili wetu.

Nani alikwenda kutusema? Mpaka leo hatujui. Mama alimshuku jirani wa mkono wa kulia kwa sababu aliazima chumvi asubuhi ile akiwa na chumvi. Kisha akamshuku wa mkono wa kushoto kwa sababu hakuja kuazima kitu. Aliyeleta uji wa pole, Mama aliupokea kwa mikono miwili na shukrani nyingi, akaumwaga nyuma ya nyumba.

Habari ikaja kwamba Nonko amewekwa Ruti, pale wanapoingilia Mbarara watu wa njia ya Kabale, kwenye nyumba waliyokaa wanajeshi wa kizuizi. Kila mtu alijua mambo ya nyumba hiyo. Anayeaminika pale anarudi kwao kwa miguu. Asiyeaminika anapandishwa lori la alasiri kupelekwa kambi kubwa ya jeshi, na waliopanda lori hilo hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi kutueleza chakula cha huko kikoje.

Mama akanifunga kitambaa kichwani, tukapanda nyuma ya pikapu ya ndizi mpaka Kaberebere, na nyingine mpaka Mbarara. Tukaenda moja kwa moja dukani kwa Hajji, mfanyabiashara wa ngozi na sukari, Mwislamu mwenzetu, ambaye Mama alimshonea kofia mara kwa mara. Wanajeshi walinunua sukari kwake, na Hajji alikuwa na tumbo la mtu anayesikilizwa. Alitusikiliza, akafunga mlango wa duka mchana, jambo ambalo Mbarara nzima ilisimama kulitazama.

"Mama Zaina," akamwambia Mama, "mimi nitasema namjua. Lakini yeye ni nani hasa? Kwao wapi? Wakiniuliza niseme nini?"

Mama akainama akafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. "Sema anatoka Nakivale."

Hajji akamtazama, akatazama dari, akachukua fimbo yake. Hata yeye, nilimwona, alianza kutushuku. Lakini alikuja.

Huko Ruti, afande alikuwa ameketi kivulini upande wa mbele, jasho na kitambaa kama tulivyoviacha. Lori lilikuwa limeshafika, limefungua mkia, dereva anakula muwa. Hajji akasalimia kwa maneno mengi matamu. Afande akamsikiliza, kisha akasema ana dawa yake ya waongo. Nonko yuko nyuma ya nyumba, ameambiwa achore chini hiyo Altona yake. "Sasa mutoto nachora hapa. Yeye hapana ona, muzee hapana ona. Ikiwa ni kweli, nitajua. Ikiwa ni mupango, nitajua."

Akanipa kijiti. Nikaanza na Elbe. Nikaweka Altona juu ya ukingo. Nikaweka Hamburg, mlango, Uhuru Mkubwa na Mdogo, soko la samaki, stesheni iliyokuwa ofisi. Nikachora kila nilichojua, na kwa kuwa kijiti kilikuwa bado kinataka kwenda, na mimi nilitaka afande aone kwamba hapo ni kwetu kweli, nikachora viboko. Niliwapanga mtoni kuanzia mlangoni hadi sokoni, wenye masikio.

Afande akaenda nyuma, akarudi. Akaenda tena. Akarudi amekunja uso. "Iko sawa," akasema polepole. "Iko sawa sana, toa tu hii wanyama ya mutoto. Mtu mukubwa na mutoto mudogo, sawasawa hivi? Hii mulifanya mazoezi." Akamwonyesha dereva kidole kuelekea lori.

Kumbe kulingana kwetu ndiko kulikotuponza! Mama akakaa chini pale pale. Nonko akaletwa na wawili, amevuliwa viatu, wakampitisha mbele ya ramani yangu kuelekea lori. Na pale akasimama ghafla, wale wawili wakamgonga mgongoni.

"Hii nini?" akasema.

Akaiinamia ramani yangu.

"Zaina! Hii nini mu maji?"

"Viboko, Nonko."

"Viboko? Mu Elbe?" Alisahau bunduki, akasahau lori, akasahau miguu yake mitupu. "Nani alikwambia kule kuna viboko? Miye? Miye nilisema vile?"

"Mto mkubwa lazima uwe na viboko."

"Bongo! Uongo mutupu! Kule baridi inakamata mpaka maji inakuwa sawa jiwe! Kiboko itavaa koti? Itanunua soksi?"

"Ziwa letu linao!"

"Ziwa lenu! Na hii stesheni umeweka fasi gani? Ilikuwa huku kidogo, ku mbele ya ile kiwanja, nimekuonesha mara ngapi? Altona mzima umeharibu, watu watasema ni miye nilikufundisha upumbavu!"

Nikaanza kulia, lakini kwa hasira, na nikamwambia hadharani kwamba yeye alikaa dirishani tu, hakuwahi kuingia mtoni, atajuaje kilichomo. Nonko akapiga magoti, akaanza kuwafuta viboko wangu mmoja mmoja kwa kiganja, na mimi nikawa namshika mkono ili wasifutwe. Tukavutana pale chini, mtu mzima na mtoto, vumbi likapanda mpaka kwenye kitambaa cha afande.

Afande alianza kucheka tumboni kwanza, halafu mabegani, mwisho akacheka mpaka dereva akatema muwa. "Kiboko navaa koti!" Akajifuta macho. "Hajji, umeona? Watu ya mupango hawawezi gombana hivi. Hii ni wazimu ya familia."

Tulidhani yameisha. Lakini kicheko chake kilikatika kama uzi. Akamtazama Nonko aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Muzee. Mutoto hii iko damu yako. Kwa nini nafundisha yeye nyumbani ya Wazungu? Nyumbani yako mwenyewe iko wapi? Kwa nini hapana fundisha hiyo?"

Nonko, aliyekuwa na neno kwa kila samaki wa soko la Altona, alishika mguu wake. Mama alikuwa anatazama ardhi kwa nguvu kama anayetaka kuitoboa.

"Kule hakuna kitu tena, Afande," akasema mwishowe.

Afande alimkazia macho muda ambao ungetosha kupika maharage. Sijui aliona nini. Huenda naye alikuwa na kwao, huko kaskazini, na huenda alijua vizuri jinsi mtu anavyosema hakuna kitu. Akampiga teke dogo la kumwondoa, si la kuumiza. "Nenda. Na hiyo kuchora chini, wacha."

Nonko aliacha. Tulirudi Nakivale kwenye magunia ya chumvi, na toka siku hiyo hakuwahi kuitaja Altona mbele yangu. Nilipoendelea kuitoa ile hotuba kichuguuni alinitazama tu kwa mbali.

Miaka mingi baadaye nilimaliza masomo yangu kwenye shule ya jioni Mbarara, nikiwa mama wa watoto watatu wenye kelele za watoto thelathini. Kwenye chumba cha vitabu niliikuta Altona ndani ya atlasi. Mto upo kusini. Hamburg iko mashariki. Nikatafuta zaidi, nikakuta Wadenmark, nikakuta moto wa Waswidi, nikakuta wale maskini kwenye theluji. Kila neno la Nonko lilikuwa kweli. Nilimshuku bure katika yote aliyoniambia. Ila lile ambalo hakuniambia, ndilo nililopaswa kulitafakari.

Kwa sababu mahali pa kweli pana watu ndani yake. Ukimpa mtoto jina la kijiji, umempa na kaka waliobaki, na shamba ni la nani sasa, na nani alikimbilia wapi, na nani alipigana upande gani. Mtoto atalipeleka jina hilo kichuguuni na kulisema kwa sauti yote aliyonayo, kama nilivyosema mimi mbele ya buti za afande. Nonko alijua nitakuja kuulizwa. Alinipa kwetu ambako hakukuwa na mtu wetu hata mmoja wa kukamatwa.

Alifariki Nakivale, tukamzika kwenye udongo mwekundu nyuma ya msikiti wa mabati. Kabla ya dua imamu, kijana mgeni, aliuliza kwa upole, "Marehemu alikuwa mtu wa wapi?" Vita vile vya zamani vilikuwa vimeshazeeka, wanajeshi wale wameshastaafu, na bado Mama aliinua macho akawapitia watu wote waliokuwepo, uso baada ya uso, waliokuja kumlilia kaka yake. Akasema, "Mbali." Halafu wengine walipoinama kuchukua udongo, alinivuta akaniwekea mdomo sikioni, akalitaja jina la kijiji. Mara moja tu, kwa pumzi zaidi kuliko sauti.

Ni jina zuri. Ninyi nimewaambia yote mpaka ya viboko, na nawaona ni watu wema. Lakini jina hilo siliandiki.